Mtego ukinasa mbu wengi, je, ndio unaopima vizuri?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko kwenye kikundi kinachofuatilia mbu wa malaria majumbani. Hatutaki tena mtu akae usiku kucha miguu wazi akisubiri kuumwa, kwa hiyo tumehamia kwenye mitego ya feni yenye chambo: chupa ya sukari na hamira, pamoja na soksi iliyovaliwa na mtu kutwa nzima. Usiku mmoja tunapata mbu tele, usiku unaofuata karibu hakuna kitu, na wengi wao si Anopheles. Chambo kipi ndicho bora? Na hizi namba tunazoandika zina maana yoyote?

JIBU: Nzuri, na hongereni kwa kuacha kumtumia mtu kama chambo. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo litakaloamua chambo gani mchukue. Namba zenu zina maana, ila kwa hali mliyoieleza sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwake huenda inatokana na chupa na soksi kuliko mbu wenyewe. Mtego wa kufuatilia mbu ni kipimo. Kipimo kizuri hutoa namba ileile pale hali inapokuwa ileile, iwe namba hiyo ni kubwa au ndogo. Ukipima kiwanja kwa kamba inayofupika ikilowa na kurefuka ikikauka, mwisho wa mwezi hujui kama mpaka umesogezwa au ni kamba tu.

Mkanganyiko huu hauwapati ninyi peke yenu. Sehemu kubwa ya sifa za vyambo mnazozisikia zinatokana na mitego ya kupunguza mbu. Mfano maarufu ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambako mradi wa SolarMal uliweka nyumba kwa nyumba mitego ya Suna inayotumia umeme wa jua na harufu bandia ya binadamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa kiwango cha malaria kwenye maeneo yaliyokuwa na mitego kilikuwa chini kwa takribani asilimia 30 kuliko kwenye maeneo ambayo hayajafikiwa, na mbu aina ya Anopheles funestus walipungua kwa karibu asilimia 70. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ukiwa na lengo la kupunguza mbu, mtego uliolegea usiku mmoja hauharibu kitu. Kesho utanasa wengine. Kwenu ninyi mtego uliolegea usiku mmoja unaandikwa kwenye daftari kama “mbu wamepungua”, na mtu akisoma daftari hilo anaweza kuamini.

Sasa tuangalie mbu jike mwenyewe anafuata nini. Hewa tunayoitoa puani ina hewa ukaa asilimia 4 hivi, wakati hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu, yaani tofauti ya mara mia. Hewa hiyo haisambai kwa usawa kuzunguka nyumba. Upepo unaibeba kama moshi, vipande kwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna hewa tupu. Mbu anaihisi kwa vipapasio viwili vilivyo kando ya mrija wake wa kunyonyea. Akikutana na kipande, anaruka kukabili upepo. Akikipoteza, anayumba kushoto na kulia mpaka akutane na kingine. Akisogea, pembe zake (antena) zinaanza kunusa harufu za ngozi: amonia, asidi ya laktiki, na asidi za mafuta zinazotengenezwa na bakteria waishio juu ya ngozi yetu. Akifika karibu kabisa, joto na unyevu wa mwili humalizia kazi.

Hewa ukaa basi inamwambia mbu kwamba kuna kiumbe kinapumua, haimwambii ni kiumbe gani. Ng'ombe anapumua, mbwa anapumua. Ndiyo maana chupa yenu inaleta Culex kwa wingi, kwa kuwa Culex huzaliana kwenye maji machafu karibu na makazi na mara nyingi ndio wengi kuliko wote. Kwa hiyo kuwapata si dosari ya mtego. Dosari itatokea mkiandika “mbu 84” bila kuwatenganisha. Kinachomvuta hasa Anopheles gambiae na Anopheles funestus, ambao wamezoea damu ya binadamu, ni harufu ya ngozi juu ya hewa ukaa. Vikiwa pamoja huvuta kuliko jumla ya kila kimoja peke yake. Asidi ya laktiki ikiwekwa pekee haiwavuti sana mbu hawa, lakini ikichanganywa na amonia na asidi za mafuta kwa uwiano unaofaa, mambo hubadilika.

Kabla sijaendelea, hakikisheni kila anayehesabu anajua kumtambua Anopheles asubuhi. Mwangalie kwa lenzi ya mkononi akiwa juu ya karatasi nyeupe. Jike wa Anopheles ana vipapasio virefu vinavyolingana na mrija wa kunyonyea, kiasi kwamba kichwa kinaonekana kama kina mirija mitatu. Kwa jike wa Culex vipapasio ni vifupi sana. Mabawa ya Anopheles wengi yana madoa meusi na meupe ukingoni, ya Culex kwa kawaida hayana. Akiwa hai ukutani, Anopheles huinua tumbo kama msumari uliopigwa mshazari. Zaidi ya hapo macho hayasaidii: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis wanafanana kabisa, na kuwatofautisha ni kazi ya maabara kwa kipimo cha vinasaba kiitwacho PCR. Kwa hiyo andikeni “kundi la gambiae” na muwahifadhi wakavu, kila mmoja kwenye kichupa chake chenye punje za kufyonza unyevu, vikiwa na tarehe na namba ya nyumba.

Turudi kwenye chupa. Kichocheo ambacho watafiti wengi wametumia ni sukari gramu 250, hamira kavu gramu 17.5 na maji kati ya lita 2 na 2.5. Tupige hesabu. Hata sukari hiyo yote ikichachuka isibaki punje, itatoa hewa ukaa lita 70 hivi. Gawanya kwa saa 12 za usiku, unapata mililita 100 hivi kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika hutoa takribani mililita 200 kwa dakika. Chupa yako kwenye usiku wake bora kabisa ni nusu mtu.

Unusu huo peke yake ungevumilika. Nusu mtu aliye thabiti usiku hadi asubuhi ni kipimo kizuri tu. Shida ni kwamba hamira haigawi pumzi yake sawasawa. Inaanza polepole, inapanda kwa saa kadhaa, halafu inashuka sukari inapokwisha na pombe inapoongezeka ndani ya chupa. Usiku wa baridi inasinzia. Maji yakiwa ya moto mno inakufa, na pakiti iliyofunguliwa wiki tatu zilizopita si sawa na mpya. Wakati huohuo, Anopheles gambiae na Anopheles funestus hufanya kazi yao hasa usiku wa manane, wengi wao kati ya saa nne usiku na alfajiri, na funestus mara nyingi huendelea mpaka kunapambazuka. Kama mnachanganya chupa saa kumi alasiri ili kila mtu awahi kurudi nyumbani, chupa inapiga kelele jioni ambapo mbu mnaowatafuta hawajatoka, na inakaukiwa sauti wao wanapoingia. Usiku wenu wa “karibu hakuna kitu” ningeutafuta hapo kwanza, kabla ya kusema mbu wametoweka.

Kama mtaendelea na hamira, na hakuna ubaya, basi ipimeni kwa mizani, si kwa kijiko. Tumieni aina moja ya hamira msimu mzima. Changanyeni dakika chache tu kabla ya kuwasha feni, na saa hiyo iwe ileile kila siku. Chupa isijae, la sivyo povu litapanda kwenye mrija na kuuziba. Mfuniko ubane, na ncha ya mrija iishie karibu na mdomo wa mtego, maana hewa inayovuja kwenye mfuniko inawaita mbu waende kwenye chupa, na chupa haina feni ya kuwanasa. Andikeni joto la usiku. Molasi inaweza kuchukua nafasi ya sukari, imejaribiwa na inafanya kazi, ila kila pipa lina utamu wake, kwa hiyo msibadilishe pipa katikati ya msimu. Silinda ya gesi yenye kidhibiti ndiyo thabiti kuliko zote, lakini ni mzigo mzito. Huko Rusinga waliliepuka tatizo hili lote kwa kutumia kemikali iitwayo butanoni badala ya hewa ukaa. Inaamsha hisia ileile ya mbu, na inatoka kwenye kipande cha kitambaa taratibu. Kwa kazi ya kufuatilia, binafsi naona hiyo ni hatua kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Soksi je? Soksi iliyovaliwa inavuta mbu kweli, na historia yake inachekesha. Miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi, Bart Knols na Ruurd de Jong, waliona kuwa Anopheles gambiae hupenda kuuma vifundo vya miguu na nyayo, wakajiuliza ni harufu gani iliyo huko. Wakajaribu jibini ya Limburger, ambayo inanuka kama miguu kwa sababu bakteria wanaoiivisha ni wa jamii moja na wale wa kwenye nyayo zetu, na mbu wakaifuata. Mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Lakini kwa kupima, soksi ni kichwa kigumu kuliko chupa. Watu hatufanani mbele ya mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliowavutia zaidi Anopheles gambiae walikuwa na bakteria wengi zaidi kwenye ngozi lakini wa aina chache. Sabuni, mafuta ya kupaka, kiatu kilichofunikwa kutwa, vyote vinabadilisha mchanganyiko huo. Ugonjwa nao unaingia: imeonekana kwamba watoto wenye vimelea vya malaria vilivyofikia hatua ya kupitishwa kwa mbu huwavutia mbu zaidi, na mwaka 2017 ikaelezwa sababu mojawapo, kwamba kemikali inayotengenezwa na kimelea huzifanya chembe nyekundu za damu zitoe hewa ukaa na harufu nyingine kwa wingi zaidi. Kwa hiyo soksi ya mtu mmoja wiki hii na ya mwingine wiki ijayo ni vyambo viwili tofauti. Hata ya mtu yuleyule, harufu inapungua kadiri soksi inavyopepewa na feni.

Ndiyo sababu zikatengenezwa harufu bandia. Ile iitwayo mchanganyiko wa Mbita, mji wa Kenya, ina vitu vitano: amonia, asidi ya laktiki, asidi ya tetradekanoiki, na kemikali mbili zaidi, methili-butanoli na butani-amini. Ule wa Ifakara, Tanzania, una amonia, asidi ya laktiki na safu ya asidi za mafuta, nao hutumiwa pamoja na hewa ukaa. Jambo la kujua kuhusu michanganyiko hii ni kwamba uwiano ndio kila kitu. Amonia ikizidi, mbu anageuka na kwenda zake. Kinachobeba harufu nacho kina uzito wake: vipande vyembamba vya nailoni, vile vya soksi za kike, vimeonekana kutoa harufu vizuri zaidi kuliko vifuko vya plastiki. Msijaribu kuchanganya wenyewe. Baadhi ya asidi hizo zinaunguza, na bila mizani ya maabara hamtapata uwiano sawa mara mbili mfululizo. Ombeni vipande vilivyokwisha kutiwa harufu kutoka taasisi ya utafiti mnayoshirikiana nayo, vitoke kwenye toleo moja, na kila kipande kiandikwe tarehe ya kufunguliwa. Visipopatikana, ni heri mtego bila soksi kuliko mtego wenye soksi ya kubahatisha.

Kuna jambo moja ningependa mlisome mara mbili. Mwaka 2010 watafiti wa Ifakara, Tanzania, walichapisha matokeo kwamba harufu yao bandia ilivuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya binadamu. Habari hiyo ilizunguka sana, na nusu yake ya pili ikaachwa njiani. Ubora huo ulipatikana pale binadamu na chambo vilipokuwa kwenye vibanda tofauti, vilivyoachana kwa mita 10 hadi 100. Vilipowekwa kwenye kibanda kimoja, chambo kililingana na binadamu au kilishindwa naye. Nadhani maana yake ni kwamba kwa mbali mbu anafuata harufu yenye nguvu, na kwa karibu anachagua mwili wenye joto na unyevu, vitu ambavyo chambo hakina.

Kwenu hili linagusa mambo mawili. Kwanza, mtego wa harufu ukiuweka chumbani wanamolala watu, unashindana nao na unashindwa. Siku wageni watatu wakilala humo, mtego unanasa wachache, na daftari linasema mbu wamepungua wakati waliopungua ni wale tu waliochagua mtego. Andikeni kila usiku idadi ya waliolala, waliotumia chandarua, mifugo iliyofungwa karibu, na kama kulikuwa na moto wa kupikia au dawa ya kufukiza. Pili, mahali pa chambo cha harufu ni nje. Huko hakuna kitanda wala chandarua cha kukusaidia, na mitego ya taa hufanya vibaya. Uwekeni karibu na ukuta wa nyumba, chini, kwa mtego wa Suna sentimita 30 hivi kutoka ardhini, kwa kuwa mbu anayewinda miguu huruka chini. Usiwe upande ule ambao upepo wa usiku unapitia zizini kwanza.

Ndani ya nyumba ushauri wangu ni wa kizamani, na najua hautawafurahisha waliokwisha kununua hamira ya mwaka mzima. Mtego wa taa wa CDC (kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa), uliobuniwa mwaka 1962, utundikwe upande wa kitanda inakoelekea miguu ya mlalaji, takribani mita 1.5 kutoka sakafuni, na mtu alale kitandani ndani ya chandarua kizima kisicho na tundu. Mtu huyo ndiye chambo, na ni chambo kamili: anapumua usiku wote bila kupungua, ana joto, ana jasho, na hashindani na mtego kwa sababu mbu hawezi kumfikia. Mbu anazungukazunguka chandarua akitafuta pa kuingilia, taa na feni vinamchukua. Mlichokikimbia, yaani mtu kuumwa kwa ajili ya utafiti, hakipo hapa; mwenye nyumba analala kama anavyopaswa kulala kila siku. Tofauti kati ya mlalaji na mlalaji bado ipo, lakini inagawanyika kwenye nyumba nyingi. Soksi moja haiwezi kugawanyika hivyo.

Kuna vitu vidogo vinavyoharibu kazi kubwa. Betri ikichoka, feni inapunguza kasi na walionaswa wanapanda na kutoka. Pimeni volti jioni na asubuhi, na usiku ambao betri ilikufa uandikwe “mtego haukufanya kazi”, kamwe usiandikwe sifuri. Sifuri ni taarifa, betri iliyokufa si taarifa. Asubuhi fungeni kwanza mdomo wa mfuko, ndipo mzime feni. Na siafu na sisimizi: wanashuka kwenye kamba usiku na kula mbu wenu wote, wakiacha mabawa tu chini ya mfuko. Mkikuta mabawa matupu, mjue hesabu hiyo si ya kuaminika. Kamba ipakwe grisi sehemu ya katikati, upana wa vidole vinne unatosha.

Mkitaka kulinganisha vyambo viwili au vitatu, msiweke chambo cha kwanza kwenye nyumba ya kwanza mwezi mzima. Nyumba zinatofautiana kuliko vyambo. Moja iko karibu na dimbwi, nyingine ina upenyo mkubwa kati ya ukuta na paa. Zungusheni: nyumba tatu, vyambo vitatu, siku tatu, kila chambo kipite kila nyumba mara moja, kisha mzunguko urudiwe mara nyingi. Mbu hawagawanyiki sawasawa, nyumba chache hubeba wengi wa kijiji, kwa hiyo wastani wa kawaida utawadanganya. Tazameni pia ni nyumba ngapi kati ya zote zilipata japo Anopheles mmoja. Namba hiyo haiyumbishwi na nyumba moja iliyojaa.

Kuna mbu ambao chambo cha binadamu hakiwaoni vizuri, hata kiwe bora vipi. Anopheles arabiensis huuma ng'ombe pia, na mara nyingi nje, hivyo palipo na mifugo mingi mtego wenu utamhesabu pungufu. Anopheles stephensi, mbu wa mijini kutoka Asia aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 kisha akatajwa Ethiopia, Sudan, Kenya na kwingineko, hunaswa kwa shida na mitego ya taa. Huyo hutafutwa kwa kuchungulia viluwiluwi kwenye matangi na mapipa ya maji na kwa kunyonya mbu waliopumzika kwenye mabanda ya mifugo. Mkikaa mjini na mitego yenu ikawa mitupu, msitangaze usalama. Kisha wapo mbu wenye mayai, ambao hawatafuti damu bali maji ya kutagia. Mwaka 2015 ilitajwa harufu ya kwanza inayowaita hao, sedroli, iliyopatikana kwenye udongo uliochachuka wenye mizizi ya ndago. Mbu mwenye mayai ameshakunywa damu angalau mara moja, kwa hiyo ndiye anayeweza kuwa amebeba vimelea. Mitego yake bado ni ya watafiti zaidi kuliko ya vikundi kama chenu, lakini ni eneo ambalo mimi ningelitupia jicho.

Kuhusu maana ya namba zenyewe: mbu 6 kwenye mtego wa harufu hawamaanishi mtu angeumwa mara 6. Ni alama ya kulinganishia tu, wiki kwa wiki na mahali kwa mahali, mradi chambo hakibadiliki. Mkitaka kuigeuza iwe idadi ya kuumwa, ni lazima mtego ulinganishwe na njia ya mtu kukaa akinasa mbu wanaomtua, katika eneo lenu, kwa kibali cha kamati ya maadili na kinga ya malaria kwa wanaojitolea. Hiyo waachieni taasisi. Uwiano wa mahali pengine msiukope, kwa sababu hubadilika kufuatana na aina ya mbu, nyumba, na hata wingi wa mbu wenyewe. Na mkitaka kujua hatari halisi ya maambukizi, idadi ya kuumwa huzidishwa kwa sehemu ya mbu waliokutwa na vimelea tayari kwenye tezi za mate, ambayo hupimwa maabara kwa kutumia kichwa na kifua cha mbu. Vile vichupa vya mbu wakavu ndivyo vitakavyowezesha hilo, hata mwaka mmoja baadaye.

Kwa hiyo, kama ningekuwa jirani yenu: ndani, mtego wa taa kando ya chandarua kilicholaliwa, nje, mtego wa harufu wenye vipande vya nailoni vya toleo moja, na hewa ukaa ya hamira iliyopimwa kwa mizani, au butanoni mkiipata. Soksi ziondoeni.

Namba mlizokwisha kukusanya msizitupe. Zitumieni kuonyesha ni aina gani za mbu wapo na ni nyumba zipi walipatikana, maana Anopheles aliyenaswa ni Anopheles, chupa iwe imechoka au la. Ila msizichore kwenye grafu moja na zile mtakazoanza kukusanya kwa utaratibu mpya. Na pale mnapoanza, endesheni mitego ya zamani na mipya sambamba kwa wiki kadhaa, ili mpate angalau fununu ya jinsi namba za zamani zinavyohusiana na mpya.